Bango la Kumi

Kuna kuchoka kwa mtu aliyelima, ambako akilala kunakwisha, na kuna kuchoka kwa mtu aliyewaridhisha watu kwa miaka kumi na minne. Huko kwa pili hakuna kitanda kinachokuweza. Mama Mabango alikuwa amechoka kwa namna hiyo ya pili, na hakuna aliyejua, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kutabasamu.

Jina hilo alipewa klabuni, likashika mpaka lile la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho tu. Alikuwa mtu wa wadhamini: kuwatafuta, kuwatunza, kuwapigia simu siku za sikukuu, na kuhakikisha kila mmoja anaonekana pale alipokubaliana kuonekana, si penginepo. Watu wa nje hudhani mdhamini ni wa klabu nzima. Thubutu! Klabu ilikuwa na timu tano na kila timu na mdhamini wake, na wadhamini hao walioneana wivu kuliko wake wenza. Duka la miwani lilidhamini timu ya wakongwe, maana nusu yao walikuwa hawauoni mpira tena. Fundi wa ngazi alichukua timu ya wavu. Netiboli walikuwa na muuza viatu. Wanaume, wale wanaoonyeshwa kwenye televisheni, walidhaminiwa na kampuni ya rangi. Wanawake walikuwa na dobi.

Dobi hakuwa na makuu. Udhamini wake ulikuwa kufua: kila Jumatatu mfuko wa jezi ulipelekwa dukani kwake, na kila Alhamisi ulirudi, jezi zimepigwa pasi na kukunjwa kama nguo za waziri. Naye alipata bango moja uwanjani, lenye maneno aliyoyatunga mwenyewe: "Hakuna Doa Linalotushinda."

Uwanja ulizungukwa na mabango kumi ya plaiwudi, na hayo ndiyo yaliyoula mgongo wa Mama Mabango. Kila bango lilining'inia kwenye kulabu mbili na lilikuwa na nyuso mbili. Uso mmoja, katika yote kumi, ulikuwa wa kampuni ya rangi. Sasa, kampuni hiyo ilikuwa imeandika kwenye mkataba kwamba jina lake lionekane timu ya wanaume ikicheza, na lisionekane kabisa timu nyingine ikicheza, lisije likaonekana la bei rahisi. Kwa hiyo wanawake wakicheza, Mama Mabango aligeuza mabango yote kumi. Tisa yalionyesha chokaa nyeupe tu, kwa kuwa hakuna aliyenunua nafasi hiyo, na la kumi, lile la nyuma ya goli la upande wa geti, lilimwonyesha dobi. Wanawake wakimaliza, aliyageuza tena. Mwenyekiti wa klabu aliuita huo utaratibu. Mama Mabango aliuita majina mengine, lakini kimoyomoyo.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, alikuwa kipa wa timu hiyo ya wanawake. Mchana aliuza simu dukani, jioni alikuwa mazoezini, usiku alilala na michubuko. Walikuwa wanapatana, ila kwa jambo moja.

"Mama, wewe hujawahi kuniona nikicheza."

"Si juzi nilikuwepo uwanjani?"

"Ulikuwepo ukiangalia mabango."

Wakati wa mechi yeye huzunguka na simu akipiga picha za mabango, kwa sababu mdhamini hutaka ushahidi. Alikuwa na maelfu ya picha za mechi za miaka yote hiyo, na katika zote bango linasomeka vizuri na mchezaji ni ukungu unaopita. Hata mwanawe alikuwa ukungu humo.

Sasa Jumamosi moja wanawake walicheza nusu fainali, na baada yao wanaume walikuwa na mechi yao ya televisheni. Mechi ya wanawake ikaisha sare. Ikaenda kwenye mikwaju ya penalti, kwenye goli la upande wa geti, na muda ulikuwa umebana. Mama Mabango alikuja akasimama nyuma ya goli, mkono kwenye kulabu ya bango la kumi, tayari kuligeuza filimbi ikilia tu. Simu yake ilikuwa imezima kwa kuishiwa chaji. Hakuwa na cha kupiga picha, hakuwa na pa kwenda, na hatua chache mbele yake alisimama mwanawe, amempa mgongo.

Basi akatazama. Baada ya miaka kumi na minne, akatazama mpira. Mkwaju wa kwanza wa wapinzani ulipita, wa pili ukapita, na yeye akazidi kuikaza kulabu mkononi. Wa tatu uligonga mwamba. Wa nne ulipita. Wa tano binti akauokoa, na wenzake wote wakamvamia pale pale golini, wakambeba juu, mwingine amemshika mguu, mwingine nywele. Mama Mabango alilia. Si kilio cha sauti, machozi tu yalimtoka, na hakuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa imejaa kutu.

"Mama! Dakika kumi na tano tunaingia hewani!" akapiga kelele mtu wa televisheni.

Akakurupuka. Akakimbilia bango la kwanza, akaligeuza, la pili, la tatu, akizunguka uwanja mzima na mgongo wake ule ule mpaka la tisa. La kumi kichwa chake kilikuwa kimeshalihesabu. Alikuwa amelishika kulabu muda mrefu mno hata asingeweza kuamini kwamba hakuligeuza.

Wanaume walifungwa mabao matatu, yote kwenye goli lile. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Picha iliyoenea kwenye simu za watu jioni hiyo ilimwonyesha kipa wa wanaume amelala kifudifudi, tope kuanzia nywele hadi kiatu, na juu yake, wazi kabisa, "Hakuna Doa Linalotushinda." Watu hawana huruma. Walichekeshana hadi Jumapili, na wengi wakauliza duka la dobi huyo liko mtaa gani.

Jumatatu asubuhi mtu wa kampuni ya rangi alifika ofisini. Ofisi ya Mama Mabango ilikuwa chini ya ngazi za jukwaa, chumba ambacho mtu mrefu hawezi kusimama wima upande mmoja, na mtu wa rangi alikuwa mrefu. Alikasirika akiwa ameinama, jambo lililomzidishia hasira.

"Sisi tunadhamini timu ya wanaume," alisema. "Nchi nzima imetazama mechi ya timu yetu, na nchi nzima inamzungumzia mfua nguo!"

"Ni kosa langu, bwana. Samahani sana."

"Samahani haisomeki kwenye televisheni."

Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma, uso umemshuka. Alikuwa mtu mzuri siku ambazo hakuna mtu anayemgombeza. Mtu wa rangi alipoondoka, yeye alibaki akitazama ukutani.

"Wametoa sharti," akasema. "Bango la kumi lipigiliwe misumari, uso wao nje, lisigeuzwe tena. Dobi atoke uwanjani."

"Lakini walisema hawataki kuonekana wanawake wakicheza."

"Sasa wanasema afadhali wao waonekane kwa wanawake kuliko dobi aonekane kwa wanaume."

"Na mdhamini wa wanawake atakuwa nani?"

"Wewe ndiye mtu wa wadhamini, mama. Orodha ya timu za msimu mpya inakwenda kwenye ligi Ijumaa saa kumi, na kanuni ya klabu unaijua. Timu isiyo na mdhamini haiandikishwi."

Aliijua sana. Aliichapa mwenyewe, miaka mingi iliyopita, kwenye mashine iliyokuwa na herufi mbovu. Alitaka kusema, mwanangu yumo katika timu hiyo. Akameza, kwa sababu mwenyekiti alijua hilo vizuri, na kumwambia mtu jambo analolijua ni kumwomba tu.

Jumanne alikwenda kwa dobi. Njiani alipanga maneno, akayapangua, akayapanga tena. Utamwambiaje mtu aliyekufulia jezi miaka sita bila kulalamika kwamba anatolewa uwanjani kwa sababu ameonekana? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huu ulikuwa wake mwenyewe na ulikuwa mzito.

Alikuta foleni hadi barabarani. Mle ndani nguo zilikuwa zimepandiana mpaka dirishani, na mafundi wawili wapya walipiga pasi bila kuinua macho. Dobi alimwona, akaacha wateja, akamshika mikono yote miwili.

"Dada! Dada yangu! Ndugu wa tumbo moja hajanifanyia ulilonifanyia wewe!"

"Kaka, sikiliza..."

"Usiseme kitu, najua umejiponza. Uliliacha makusudi. Nilipoiona ile picha nikamwambia mke wangu, huyu mama ameona ninavyohangaika miaka yote hii na bango moja, akaamua liwalo na liwe."

Uso wake ulikuwa umejaa furaha kiasi kwamba Mama Mabango alishindwa kuuvunja. Alitabasamu. Alijua kutabasamu, ndiyo kazi aliyoisomea maishani.

Kisha dobi akapunguza sauti, akamvuta kando ya rundo la mashuka. "Ila kuna jambo, dada. Naona haya hata kulisema. Hoteli mbili zimeniletea kazi. Siwezi tena zile jezi. Zina tope, zinataka kulowekwa siku mbili, zinanikalia mashine. Utanisamehe?"

Akatoa chini ya meza mfuko alioletewa jana yake. Haukuwa umefunguliwa. Ulikuwa na jezi za nusu fainali.

Mama Mabango aliupokea. Kitu cha kwanza alichokisikia moyoni kilikuwa nafuu: alikwenda kumfukuza mtu, na mtu kajifukuza. Kitu cha pili kilikuwa aibu kwa nafuu hiyo, nayo ilimfuata hadi kituo cha basi.

Siku mbili zilizofuata aligonga milango. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimpa kiti na soda, akasikiliza hadi mwisho, akasema kama ni timu ya wanaume hata leo anasaini. Mwenye shule ya udereva alisema vivyo hivyo bila soda. Mwenye duka la keki alicheka, akidhani ni utani. Mwanamke mwenye saluni, ambaye Mama Mabango alimtegemea kuliko wote, alimwambia kwa upole, "Dada, nani anawatazama?"

Alhamisi jioni binti aliweka kijiko chini katikati ya chakula.

"Mama, wanasema hatuandikishwi."

"Nani anasema?"

"Watu. Ni kweli?"

"Nashughulikia."

"Wenzangu wawili wamesema kama hatuandikishwi wanaacha kabisa mpira. Mimi nina miaka ishirini na sita, mama. Hakuna klabu itakayoanza na mimi."

"Nimesema nashughulikia. Kula."

Binti alikula, lakini kwa namna ya kumtii mgonjwa. Alikuwa anamjua mama yake, na alijua kwamba akiwa na habari njema husema haraka.

Ijumaa Mama Mabango alikaa ofisini chini ya ngazi tangu asubuhi. Mfuko wa jezi ulikuwa kwenye kona, umeanza kunuka. Mbele yake kulikuwa na fomu tano. Nne zimejazwa, ya tano ina jina la timu tu. Saa saba hakuwa na mtu mwingine wa kumpigia simu. Saa nane alitoa kanuni, akaisoma kama anavyosoma mtu asiyetarajia kitu. Mdhamini, ilisema, ni mtu au kampuni itakayotoa huduma kwa timu kwa msimu mzima. Mtu. Hilo neno aliliweka yeye, siku ile ya kuichapa, kwa sababu fundi wa ngazi hakuwa na kampuni.

Aliutazama mfuko. Akasema kwa sauti, peke yake, "Mungu wangu, na huu mgongo." Halafu akachukua kalamu, akaandika jina lake, lile la kwenye kitambulisho, na chini yake, mahali pa huduma, akaandika: kufua na kupiga pasi jezi, msimu mzima.

Mwenyekiti aliisoma fomu mara mbili.

"Hili ni jina la nani?"

"Langu."

"Kumbe!" Kweli hakuwa anajua. "Lakini mama, mdhamini lazima awe na kitu anachotangaza. Wewe una biashara gani?"

"Kanuni haisemi hivyo. Nimeiandika mimi, niulize mimi."

"Na bangoni tutaandika nini?"

"Bango gani, mwenyekiti? Si umelipigilia misumari?"

Saa ya ukutani ilikuwa saa tisa na nusu. Mwenyekiti alitafuta sababu usoni mwa Mama Mabango, akatafuta dirishani, na mwisho akatafuta kalamu, maana kumkatalia kungekuwa na kelele na yeye kelele za wiki hiyo zilikuwa zimemtosha. Akasaini. Mama Mabango akapiga muhuri mwenyewe, akapeleka orodha ligi kwa mkono wake, akarudi nyumbani na mfuko begani. Hakujisikia shujaa. Alijisikia mtu aliyejiongezea kazi.

Jumamosi hakukuwa na mechi. Alasiri alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, mabeseni mawili mbele yake na ndoo ya kusuuzia pembeni. Tope la wiki nzima lilikuwa limekauka, likishika kwenye mishono na chini ya namba. Jezi kumi na nane zikiwa mfukoni ni kitu kimoja. Zikiwa kwenye beseni ni kitu kingine. Alikuwa amefika ya tano na vidole vilishaanza kukunjamana.

Binti alitokea mlango wa nyuma, bado amevaa sare ya dukani.

"Mama."

"Chai iko kwenye chupa."

"Nimepita klabuni. Nimeona orodha." Akaweka mkoba chini. "Timu ya wanawake. Mdhamini. Jina lako lote, mpaka la babu."

"Basi umeona."

"Na huo mgongo?"

"Mgongo ni wangu. Ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Ng'ombe hafui jezi kumi na nane."

Akachukua ndoo tupu, akaifudikiza, akaikalia.

"Wenzangu wanasema umefanya hivi kwa sababu kosa lilikuwa lako."

"Wanasema kweli."

"Mimi nilikutetea. Niliwaambia mama yangu hasahau. Wiki tuliyomzika baba uligeuza mabango yote kumi, nilikuwepo, nilikuona. Watu wanakupa pole, wewe unahesabu." Sauti yake haikuwa ya ukali, ila haikuwa laini pia. "Sasa Jumamosi ile ilikuwaje?"

Mama Mabango angeweza kusema ni umri. Angeweza kusema ni mtu wa televisheni na kelele zake, na ingekuwa nusu ya kweli. Lakini alikuwa amechoka, na uongo nao ni kazi.

"Nilikuwa natazama mpira."

"Mpira upi?"

"Wenu. Ile mikwaju. Simu ilizima, nikakosa la kufanya, nikatazama yote mitano. Halafu nikalia, na nilipomaliza kulia nikasahau bango."

Binti alimtazama kama anavyomtazama mteja anayeapa kwamba simu haijawahi kuanguka.

"Ule wa mwisho," akasema polepole. "Niliruka upande gani?"

"Kushoto. Ulianza kuegemea kulia, ukajirudi. Na hukuuokoa kwa mkono. Watu wote wanasema mkono, hata gazeti limesema mkono. Ulikuwa mguu, huu wa kulia, ulibaki nyuma ukaukuta mpira."

Binti alikunja mikono ya sare yake, akainama, akatumbukiza mikono yote miwili kwenye beseni na kuanza kusugua. Alisugua kwa nguvu, kichwa chini, mabega yakimtetemeka, na Mama Mabango akamsogezea sabuni.